Chaser Tourer V ya safari za Mtwara–Lindi: nianze kuiongezea nguvu wapi?

Mtoto wa Ligula

Wakuu habarini, Mtwara kuchele. Msimu uliopita wa korosho ulinitendea wema, nikapanda Dar nikarudi na Chaser. Si Chaser ya kubebea maharusi, ni Tourer V, yenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Naiota tangu nipo sekondari. Jirani yetu Shangani alikuwa nayo nyeusi, akipita hata mbuzi wanaamka.

Kazi inanipeleka Lindi mara mbili kwa wiki, kwa hiyo hii si gari ya maonesho. Inanibeba mimi, siku nyingine inambeba mama na gunia lake la mihogo. Ila nataka iwe na nguvu zaidi. Ukishatoka Mikindani unakutana na malori ya saruji yamefuatana manne matano, na ukitaka kuyapita unahitaji gari iitikie hapohapo, siyo mpaka ijifikirie.

Mfukoni nina milioni nne na nusu. Watu wawili wamenishauri niweke tabo kubwa. Mwingine kasema nianze na eksozi ya inchi tatu na fileta ya koni. Nyie mnasemaje?

Mkia wa Taa

Nguvu za kukimbilia wapi mkuu? Nilijaribu kuhesabu matuta ya Mtwara mpaka Lindi, vidole vikaisha kabla sijafika nusu. Weka hela benki.

Spana 17

Mtoto wa Ligula, kabla hujanunua hata boliti fungua boneti. Kwenye ukuta wa nyuma ya injini kuna kibati. Soma kimeandikwa nini halafu urudi hapa. Chaser za 100 ni nyingi mjini na beji ya Tourer V inanunuliwa kama vitumbua. Ukikuta GX100, hiyo ni 1G ya lita mbili, tabo haijaiona tangu izaliwe. Ukikuta JZX100 bado usishangilie, maana kuna 1JZ-GE isiyo na tabo na 1JZ-GTE yenye tabo, na zote zimekaa kwenye bodi hiyohiyo.

Niambie na mengine: ina kilomita ngapi, gia ni otomatiki au ya mkono, na ukitembea saa nzima na jua la mchana sindano ya joto inakaa wapi.

Mtoto wa Ligula

Fundi, kibati kinasema JZX100 na injini 1JZ-GTE, kwa hiyo sijapigwa. Otomatiki. Dashibodi inasoma 171,000, kama hawakuirudisha nyuma.

Sindano ya joto ndiyo imenifurahisha, kwa kweli. Inakaa chini kabisa, hata robo haifiki. Ila nikipanda kile kilima cha Mikindani nimewasha AC, inaruka juu kwa haraka, nikishateremka inarudi. Hiyo si dalili kwamba injini ni baridi na nzima?

Spana 17

Hapana mdogo wangu. Hiyo ni dalili kwamba kuna mtu kaitoa thamostati.

Huu ugonjwa unaniudhi kuliko yote kwenye kazi hii. Gari inachemsha, fundi anafungua, anatoa thamostati anaitupa, mteja anaambiwa "sasa itapoa". Kweli inapoa, ikiwa haina kazi. Thamostati ya Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake na ikae hapo. Ukiitoa, kompyuta inadhani injini bado ni baridi kila saa, inamwaga petroli ya ziada, oili haifiki joto la kukausha unyevu wake, silinda zinasagika. Na siku rejeta imeziba kweli, kama yako inavyoonekana kwenye kilima, kukosa thamostati hakukusaidii chochote. Tatizo lililoifanya ichemshe mara ya kwanza bado lipo, limefunikwa tu na shuka.

Nakadiria unakunywa lita moja kwa kilomita saba. Nimekosea?

Mtoto wa Ligula

Saba na nusu. Nikajua ndiyo desturi ya tabo.

Fundi aliyeniuzia maneno ya "itapoa" nilimkuta na gari, aliifanyia kazi kwa mwenye gari wa kwanza. Sitaki kumtaja. Na ndani ya rejeta nimeangalia leo, maji ni ya rangi ya chai.

Mbabe wa Busti

Mnamtisha kijana kwa thamostati ya buku kadhaa. Mkuu, 1JZ ni chuma, watu wanapata farasi 500 bila kufungua injini chini. Nina tabo kubwa hapa imetoka Japan, safi, nakuachia kwa milioni mbili na laki nane na manifoldi yake. Ile ya kiwandani ni ya watoto. Njoo PM.

Babu Kabureta

Vijana, salamu kutoka Lindi. Mimi Toyota zenu za tabo sizijui sana, lakini hili la kuchagua vyombo vya nguvu nina kovu nalo.

Nilikaa Muscat miaka kumi na moja, gereji ya magari ya Kimarekani. Kulikuwa na bwana mmoja ana Chevrolet Camaro ya miaka ya 70, V8, ile injini wanayoiita 350 kwa sababu ujazo wake ni inchi 350, sawa na lita 5.7. Gari ya kwendea sokoni na kumpeleka mwanawe shule. Siku moja akaja na orodha aliyoitoa kwenye katalogi. Kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, kali kuliko zote zilizokuwemo, manifoldi ya chumba kimoja, na kabureta ya Holley ya 750. Kila kimoja kilikuwa kikubwa kuliko vingine kwenye ukurasa wake. Tajiri kasema, sisi tukafunga.

Ilipowaka ilinguruma vizuri, siwezi kusema uongo, watu walitoka madukani. Halafu ikatakiwa iende.

Kemshafti kali inaziacha valvu ya kuingiza na ya kutoa wazi kwa pamoja muda mrefu. Injini ikiwa kwenye mizunguko elfu tano kwenda juu hiyo ni neema, moshi unaotoka kwa kasi unavuta hewa mpya nyuma yake. Ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, moshi unarudi ndani ya manifoldi, mchanganyiko unachafuka, injini inatetemeka, na ile nguvu ya kufyonza inaanguka. Kabla ya kazi tulipima inchi 18 za zebaki. Baada ya kazi, 9. Sasa, buta ya breki ya gari ile, kifaa kinachorahisisha pedali, inafanya kazi kwa kufyonza kulekule. Yule bwana akakanyaga breki mbele ya geti la shule, pedali ikawa ngumu kama kinu. Hakumgusa mtu, alhamdulillahi, alipasua tenki la maji.

Tukarudi mezani. Kabureta kwanza, maana hesabu yake ni ya darasani. Chukua inchi za ujazo, zidisha kwa mizunguko ya juu ambayo kweli utaifikia, gawanya kwa 3456. 350 mara 5500 gawanya kwa 3456 ni 557. Injini ya barabarani haizijazi silinda zake asilimia mia, weka 85, inabaki kama 470, na hizo ni futi za ujazo za hewa kwa dakika. Kabureta ya 600 ilimtosha na chenji ikarudi. Ile ya 750 hewa ilikuwa inapita ndani yake polepole mno, petroli haichambuki, ukikanyaga ghafla injini inakabwa.

Tukatoa kemshafti ile tukaweka ya kiasi, manifoldi ya vyumba viwili inayopendelea mizunguko ya chini, bomba ndefu za eksozi, na difu tukaitoa kwenye uwiano wa 2.73 tukaweka 3.42. Hiyo difu ndiyo iliyomtoa machozi ya furaha. Hatukuongeza hata farasi mmoja pale, lakini magurudumu yalipata robo zaidi ya msukumo kwenye kila gia.

Kwa hiyo mjukuu wangu, usiniulize ununue nini. Kesho ukienda Lindi, ukiwa nyuma ya lori la saruji unajiandaa kupita, angalia sindano ya mizunguko. Tazama inaanzia ngapi na inaishia ngapi ukishampita. Niletee namba mbili hizo.

Mkia wa Taa

Shikamoo mzee. Ila hizo Camaro na Mustang si zilitoka kiwandani na farasi 300 na ushee? Zinahitaji nini tena?

Babu Kabureta

Marahaba. Hao farasi wa karatasi. Mpaka 1971 Wamarekani walikuwa wanatangaza nguvu ya injini ikiwa imewekwa mezani peke yake, haina fileta ya hewa, haina mafla, haizungushi jenereta. Kuanzia modeli za 1972 wakapima ikiwa na vifaa vyake vyote kama inavyokaa kwenye gari, namba zikaporomoka, na injini nyingine ni ileile. Ukisikia mtu analinganisha gari ya 1970 na ya leo kwa namba ya farasi, muulize wamepimwaje.

Mtoto wa Ligula

Babu shikamoo. Nimefanya ulivyoniagiza. Nilikuwa nyuma ya lori kwenye 60, nikakanyaga, gia ikashuka ya pili. Sindano ilianzia elfu tatu. Niliporudi upande wangu ilikuwa elfu nne na mia tano, spidi kama tisini. Nimerudia kwa malori manne, haipishani sana.

Babu Kabureta

Basi injini yako inaishi kati ya 3000 na 4500. Huko kwingine inatembelea tu, kama mgeni wa sikukuu. Nawaachia mafundi wa tabo.

Spana 17

Mzee kanirahisishia kazi. Mbabe wa Busti, tabo yako hiyo inajaza kwenye mizunguko mingapi?

Mbabe wa Busti

Kwa 1JZ ya lita 2.5 inaanza kuvuta 4000, kwenye 4500 imeshika yote. Baada ya hapo jifunge mkanda.

Spana 17

Sasa jisome mwenyewe ulichoandika. Inashika pale ambapo mwenzako ameshampita lori na amerudi kushoto. Kwenye 3000, ambapo anaihitaji, atakuwa na gari nzito kuliko aliyonayo leo.

1JZ-GTE ya JZX100 Toyota waliifungia tabo moja ndogo makusudi. Kwenye karatasi ina farasi 280 wa Kijapani, ambayo ndiyo namba waliyokubaliana wenye viwanda wa kule wasiipite, lakini namba tamu zaidi ni toki, yaani nguvu ya kusokota, nyutoni mita 378 kwenye mizunguko 2400. 2400! Injini za petroli za lita 2.5 nyingi hazipati hiyo kwenye mzunguko wowote. Huo msukumo wa chini ndio alioununua Mtoto wa Ligula, ila hajauonja bado kwa sababu gari yake ni mgonjwa.

Na lipo jambo moja la kuiheshimu hiyo tabo. Feni yake ya upande wa moshi ni ya kauri, siyo chuma. Nyepesi, ndiyo maana inaamka mapema. Lakini kauri ni kauri, kama kikombe. Ya kiwandani inasukuma hewa kwa presha ya karibu baa 0.7, ndiyo busti yenyewe. Watu wanaipandisha hadi 0.9 na inavumilia ikiwa nzima. Ukikaribia baa moja na kuendelea, moshi ukawa wa moto sana, siku moja utasikia "ting" na gari itabaki na nguvu ya bajaji. Na yako ina kilomita 171,000.

Binti Shangani

Samahani kaka zangu, naendesha Altezza na barabara hiyo naijua. Nasoma uzi mzima hakuna aliyeuliza breki. Matairi je?

Mwalimu wangu wa fizikia alitufundisha kwamba nishati ya kitu kinachokwenda inafuata mraba wa spidi. Ukitoka 80 ukaenda 120 spidi imeongezeka nusu, lakini kazi ya breki imekuwa mara mbili na robo ya ile ya mwanzo. Na breki zako zilitengenezwa kwa nguvu za kiwandani, miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu, na huku kwetu unyevu ni wa bure. Yakiwa na maji yanachemka mapema, pedali inazama mpaka chini. Mimi nabadilisha kila baada ya miaka miwili, DOT 4, chupa mpya isiyofunguliwa.

Na angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya mtumba huja na matairi yenye kashata nzuri kabisa, mpira umeshakuwa gome.

Mtoto wa Ligula

Dada asante, nimetoka nje na tochi saa hii. Mawili ya nyuma ni 0812. Nimenyamaza.

Fundi Spana, nipangie basi. Milioni nne na nusu, na nguvu nazitaka bado, sijabadili dini.

Spana 17

Sawa. Hela ya kwanza nenda kapime kompresheni, yaani presha ya kugandamiza ndani ya silinda, silinda zote sita, injini ikiwa ya moto na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Sitishiki sana na namba yenyewe, maana geji za mafundi zinatofautiana; natishika zikipishana. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi, uzi huu tunaufunga, hela yote inakwenda kwenye ringi za pistoni.

Zikiwa sawa, rejeta. Usiizibue kwa asidi, weka mpya ya bati nene, thamostati, mpira wa juu na wa chini, kifuniko kipya, na kulanti halisi. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, unajua mwenyewe ukiyaonja, sasa fikiria yanavyoitafuna alumini ya kichwa cha injini. Angalia na ile feni inayoendeshwa na mkanda: injini ikiwa ya moto imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikizunguka kama ya mtoto ya karatasi, mafuta ya ndani yamekwisha, haivuti hewa.

Halafu matairi na breki kama alivyosema dada. Usicheke, hapo nusu ya hela imeshaondoka na hujaongeza farasi. Umewarudisha waliotoroka.

Sasa nguvu. Adui yako Mtwara ni joto. Tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, tabo inajaza vizuri kuliko ya mtu wa Iringa, ila hewa hiyo inaingia ikiwa ya moto na ikishagandamizwa inazidi. Hewa ya moto na petroli ya kawaida kwenye injini ya busti ndiyo ule mlio wa kokoto kwenye kopo. Injini inagonga, pistoni inaliwa pole pole. Kumbuka hizi injini Wajapani walizipanga kwa petroli yao ya juu, ambayo kwa viwango vyao haishuki chini ya oktani 96.

Kwa hiyo cha kwanza cha nguvu ni intakula kubwa ya mbele, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo. Ile ya kiwandani ni ndogo, imejificha kwenye kona nyuma ya bampa, haipati upepo wa maana. Cha pili, eksozi kuanzia kwenye tabo: toa lile bomba jembamba la kwanza, weka pana, endelea na inchi tatu mpaka nyuma, lakini na mafla. Trafiki wa Lindi hawapendi muziki. Moshi ukitoka kirahisi tabo inaamka mapema zaidi na joto linapungua. Cha tatu, geji mbili kabla hujagusa busti, ya busti yenyewe na ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ukikanyaga mpaka mwisho nataka uone sehemu 11 na nusu hivi za hewa kwa moja ya petroli. Ukiona 13 inyanyue mguu, usisubiri kuniuliza. Mwisho kabisa, kontrola ya busti, uipeleke 0.85. Hapo unasimama.

Plagi weka baridi hatua moja, yaani zinazopoteza joto haraka zaidi, mwanya milimita 0.8. Hii injini yako ina koili tatu tu kwa silinda sita, kila koili inapiga plagi mbili, na zimezeeka. Busti ikipanda, cheche zinashindwa kuvuka mwanya mkubwa na injini inakosa kosa, utadhani nozeli zimekufa.

Fileta ya koni, kama unaipenda ule mlio, itengenezee boksi la bati uitenge na joto la injini, ivute hewa ya nje. Ikikaa wazi pale juu ya tabo inavuta hewa ya jikoni. Umelipia kelele ili upunguze nguvu.

Mbabe wa Busti

Sawa wazee wa hekima. Tabo bado ipo, milioni mbili na nusu.

Mkia wa Taa

Imeshuka laki tatu kwa siku mbili. Ijumaa nakuja na elfu hamsini.

Mtoto wa Ligula

Wakuu, nimepotea mwezi na nusu. Sikuwa nimelala.

Kompresheni: silinda tano zinacheza kati ya 150 na 158, ya sita 146. Fundi Spana alisema tuendelee. Rejeta ya zamani tuliikata kwa msumeno baada ya kuitoa, kwa udadisi tu, na vile vijibomba vya chini vilikuwa vimejaa tope gumu kama udongo wa kichuguu. Thamostati mpya imeingia, sindano sasa inakaa chini kidogo ya nusu, na haitikisiki hata Mikindani na AC imewaka. Kwa kazi hiyo peke yake gari ilitoka kilomita saba na nusu kwa lita ikafika tisa. Niliona aibu. Miezi minne nimekuwa nalipia petroli ya thamostati.

Matairi manne, pedi, mafuta ya breki. Yaliyotoka yalikuwa meusi kama soda.

Intakula na eksozi niliagiza Dar, vikaja kwa basi. Siku ya kwanza nikaondoka kwenda Lindi nikiwa na kiburi. Nimefika karibu na Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Masasi, nakanyaga kupita basi dogo, nikasikia pwaaa! kama tairi la lori limepasuka. Nguvu ikaisha yote. Basi likaniacha, kondakta akanipungia mkono. Kumbe mpira wa intakula umechomoka kwenye bomba. Nikaurudisha kwa bisibisi ya kuazima kwa muuza korosho, ukachomoka tena kabla ya Lindi.

Spana 17

Na kosa lilikuwa la nani, sema ukweli.

Mtoto wa Ligula

Langu. Mabomba niliyochukua ya bei nafuu yalikatwa kavukavu, mdomo hauna ule ukingo ulioinuka wa kuuzuia mpira usiteleze. Na ndani kulikuwa na oili kidogo kutoka kwenye tabo, kwa hiyo ilikuwa kama kuvaa soksi kwenye mguu wenye sabuni. Fundi aliyachomelea ukingo, tukafuta oili kwa petroli, tukaweka klampu za boliti badala ya zile za kukaza na bisibisi. Wiki ya tatu hii, halijachomoka.

Busti iko 0.85. Geji ya mchanganyiko nikikanyaga inasoma 11.2 mpaka 11.4. Babu Kabureta, nimerudi nyuma ya lori lilelile la saruji, au ndugu yake. Elfu tatu, nikakanyaga, na sikuwa na muda wa kuangalia iliishia ngapi kwa sababu nilikuwa tayari upande wa kushoto.

Babu Kabureta

Ndiyo maana tukaipasua injini ya yule bwana mara mbili. Mama anasemaje?

Mtoto wa Ligula

Mama amesema gari imekuwa tulivu, haitoi tena harufu ya petroli kwenye nguo. Busti hajaiona, na mimi sijamwambia.

Laki tatu na nusu imebaki. Gia naona inachelewa kidogo kuingia ya tatu ikiwa ya moto, hasa narudi jioni. Niongeze kontrola ya pili au niangalie gia?

Spana 17

Usiguse busti tena. Chomoa kijiti cha gia, dondoshea matone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu, tunabadilisha mafuta ya gia taratibu, tunamwaga ya sampo tu, lile karai la chini ya gia, na kujaza, yale anayoyataka Toyota mwenyewe ya T-IV, tunarudia baada ya kilomita elfu moja. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, usiibadilishe popote mpaka niione. Hela iliyobaki inatosha kipoozeo kidogo cha mafuta ya gia, tunakiweka mbele ya rejeta, mbali na intakula ili visinyimane upepo.

Jumamosi nipo Mikindani mpaka adhuhuri. Uje nayo ikiwa ya moto, upitie kilima.

Binti Shangani

Naomba na mimi nije na Altezza. Nina 0.0 ya busti, ila pedali yangu ya breki haizami.

Mbabe wa Busti

Milioni mbili na laki mbili, na nakuja nayo Mikindani mwenyewe.